Moto, maji, upepo, udongo: kwa nini orodha za asili hazilingani

Wachumba wakienda kuangaliziwa nyota, moja ya majibu yanayoogopwa ni hili: mmoja ni moto, mwenzake ni maji, hapo hakuna ndoa. Siku hizi wengine hata kwa mnajimu hawafiki. Wanaingiza tarehe ya kuzaliwa kwenye simu, programu inawajibu kuwa wao ni upepo au udongo, jibu linarushwa kwenye kundi la WhatsApp. Mwaka wa Kichina ulioanza Februari 17, 2026 nao ukaitwa mwaka wa Farasi wa Moto, na utabiri ukamwagika mitandaoni. Katikati ya hayo mtoto wa sekondari anarudi nyumbani na daftari la kemia lenye elementi 118. Anatafuta moto, haumo. Maji hayamo. Hewa haimo.

Watu wengi huyatia haya yote kapu moja na kuyaita elimu ya kale ya asili nne. Ndipo mkanganyiko unapoanza. Wagiriki, Wahindi na Wachina walitoa orodha zinazofanana majina, lakini kila upande ulikuwa unajibu swali lake. Ukilijua swali, orodha inaeleweka. Usipolijua, utaishia kumpambanisha Simba wa wanajimu wa Babeli na Farasi wa China, wanyama ambao hawakuwahi kufugwa zizi moja.

Tukubaliane maneno kwanza. Nikisema "asili" hapa nina maana ya kile ambacho watu wa kale walikiona kuwa msingi wa vitu vingine: moto, maji, hewa au upepo, udongo na wenzao. Nikisema "elementi" nazungumzia kemia ya leo: kitu ambacho atomu zake zote ni za aina moja, kama dhahabu, chuma au oksijeni. Hizi ni hesabu mbili tofauti, na nyingi ya hoja za mitandaoni zinakosea kwa kuruka kutoka moja kwenda nyingine bila kupiga hodi.

Ukuni mbichi

Wagiriki ndio waliotuachia ile nne, na hoja yao inaonekana vizuri zaidi jikoni kuliko kitabuni. Chukua ukuni ambao haujakauka, uusukume mafigani, usubiri. Kwenye ncha iliyo nje ya moto yatatoka maji yenye povu, yakitoa sauti ya kuchemka. Moshi utapanda. Ndimi za moto zitafuata. Mwisho yatabaki majivu. Mtu wa kale akitazama hapo anaona ukuni umefunguka sehemu nne: maji, hewa, moto, na majivu ambayo kwake ni udongo. Hakuwa mjinga, ushahidi alikuwa nao machoni. Kwa karne nyingi wasomi wa Ulaya waliutumia mfano huohuo wa ukuni mbichi kuthibitisha kwamba kila kitu kina asili nne.

Lakini hawakuanza na nne. Katika karne ya 6 KK, mjini Miletus kwenye pwani ya nchi ambayo leo ni Uturuki, Thales alisema msingi ni maji. Anaximenes, wa mji huohuo, akasema ni hewa: ikilegea inakuwa moto, ikibanwa inakuwa upepo, kisha wingu, maji, udongo na jiwe. Heraclitus wa Efeso akaushika moto. Kila mmoja alikuwa na kimoja, na wote walikwama palepale: kama kila kitu ni maji, kinachounguza kimetoka wapi?

Empedocles, wa Akragas katika kisiwa cha Sicily, ndiye aliyemaliza ubishi huo katika karne ya 5 KK kwa kuzichukua zote na kuupa udongo nafasi sawa. Aliziita mizizi. Mizizi minne haizaliwi wala haifi. Inaungana na kuachana tu, ikivutwa na nguvu aliyoiita Upendo na kutenganishwa na nguvu aliyoiita Ugomvi. Mfano wake ni wa wachoraji, ambao kwa rangi chache walizozichanganya kwa vipimo hutoa miti, watu, ndege na samaki. Ni yeye pia aliyeonyesha kwamba hewa ni kitu, wala si nafasi tupu. Katika shairi lake msichana anachezea chombo cha shaba cha kuchotea maji, chenye mdomo mwembamba juu na matundu madogo chini. Akiuziba mdomo kwa kiganja na kukizamisha, maji hayaingii, kwa sababu hewa iliyo ndani imeyazuia. Akiondoa kiganja, hewa inatoka na maji yanaingia kwa kiasi kilekile. Watu wanapenda zaidi ile hadithi kwamba Empedocles alijitosa kwenye volkano ya Etna na kikabaki kiatu chake kimoja. Mimi nampigia kura msichana na chombo chake.

Aristotle, karne iliyofuata, alizifunga asili hizo kwenye mfumo uliodumu karibu miaka elfu mbili. Kila asili ni jozi ya hali. Moto ni joto na ukavu. Hewa ni joto na unyevu. Maji ni baridi na unyevu. Udongo ni baridi na ukavu. Badilisha hali moja, asili moja inageuka nyingine: pasha maji, baridi yao inaondoka, joto linaingia, unyevu unabaki, nayo yanakuwa hewa. Ndivyo alivyouelewa mvuke unaopanda kwenye sufuria.

Tazama moto na maji katika jozi hizo: zinapingana pande zote mbili. Ule usemi wa wachumba una mzizi wake hapo. Ila Aristotle hakusema hata siku moja kwamba haviwezi kukaa pamoja. Kwake nyama, mfupa, mti na mtu mzima vina asili zote nne kwa wakati mmoja, na mtu asiye na maji kabisa au asiye na moto kabisa hawezi kuwepo. Lipo na jambo la kuchekesha zaidi. Kwa Aristotle nyota za mbinguni hazina moto, maji, hewa wala udongo. Zina asili ya tano, etha, isiyooza na inayozunguka milele. Waliozigawa nyota 12 za unajimu kwa asili nne walikuja baada yake, kwa hiyo "nyota ya maji" ni jambo ambalo yeye angeliomba lielezwe upya.

Kutoka Baghdad hadi mwambao

Nne za Wagiriki hazikubaki Ugiriki. Madaktari wao walikuwa wamezihamishia mwilini: damu ni joto na unyevu, nyongo ya njano ni joto na ukavu, nyongo nyeusi ni baridi na ukavu, kohozi ni baridi na unyevu. Afya ni uwiano, ugonjwa ni mmoja kuzidi. Galen wa Pergamon, aliyezaliwa mwaka 129 BK, ndiye aliyeipanga tiba hiyo kikamilifu. Hunayn ibn Ishaq, aliyefariki mwaka 873, alivitafsiri vitabu vyake mjini Baghdad. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, akaiweka yote kwenye kitabu chake kikubwa cha Kanuni ya Tiba, na mpaka leo India na Pakistan zina vyuo vinavyoifundisha kwa jina la tiba ya Kiyunani.

Kwa njia za biashara na elimu ya Bahari ya Hindi ikafika hadi kwetu mwambao. Anayempa mzazi uji wa pilipili manga na kumkataza vya baridi, anayesema tango ni baridi na asali ni moto ingawa vimekaa meza moja kutwa nzima, anayelalamikia baridi yabisi magotini: wote wanapiga hesabu ya jozi. Baridi na ukavu, kumbuka, ndiyo jozi ya udongo. Mgonjwa hahitaji kumjua Aristotle ili kuzungumza lugha yake.

Unajimu nao ulikuja na nne hizohizo. Punda, Simba na Mshale ni nyota za moto. Ng'ombe, Mashuke na Mbuzi ni za udongo. Mapacha, Mizani na Ndoo ni za upepo. Kaa, Nge na Samaki ni za maji. Kinachowachanganya wengi ni kwamba namna ya kuipata nyota yako si moja. Katika falaki ya jadi, jina lako na la mama yako hugeuzwa namba kwa hesabu ya abjadi, ambamo kila herufi ya Kiarabu ina namba yake, jumla ikaondolewa mafungu ya 12, na kinachobaki ndicho kinachoonyesha nyota. Simu yako inatumia tarehe ya kuzaliwa. Hakuna sababu yoyote ya njia hizo mbili kukubaliana, na mara nyingi hazikubaliani. Mtu anaweza kuwa maji kwa mzee wa falaki na moto kwa programu, siku hiyohiyo.

Wahindi walianza na masikio

Nchini India swali lilikuwa jingine. Asili ni tano: anga au nafasi, inayoitwa akasha, kisha upepo, moto, maji na ardhi. Andiko la kale la Taittiriya Upanishad linazipanga kwa kuzaana. Kutoka katika nafsi kuu likatoka anga, kutoka anga ukatoka upepo, kutoka upepo moto, kutoka moto maji, kutoka maji ardhi, na kutoka ardhi mimea, chakula na mwanadamu.

Wanafalsafa wa baadaye waliuunganisha mpangilio huo na hisia tano, na hapo ndipo uzuri wake unapoonekana. Anga hubeba sauti tu. Upepo una sauti, na unaugusa. Moto una sauti, unaugusa, na unauona. Maji yana hayo yote pamoja na ladha. Ardhi inamaliza kwa kuongeza harufu, kwa hiyo ndiyo nzito kuliko zote na inajulikana kwa kila mlango wa fahamu. Orodha hii haijibu tu kitu kimeundwa na nini. Inajibu pia sisi tunakijuaje. Ndiyo maana akasha haifai kutafsiriwa haraka haraka kuwa etha ya Aristotle: moja ni nafasi inayobeba sauti hapa hapa ulipokaa, nyingine ni mwili wa nyota usiogusika.

Tiba ya Ayurveda ikazichanganya tano hizo kupata nguvu tatu za mwili. Vata ni upepo na anga. Kapha ni maji na ardhi. Pitta, nguvu ya kusaga chakula, ni moto na maji kwa pamoja. Wachumba wetu wangepata jibu tofauti kabisa kwa tabibu wa Kihindi: bila hao wawili kukaa chungu kimoja, chakula hakisagiki.

Kusini mwa India kuna mahekalu matano ya mungu Shiva, kila moja la asili yake. La Chidambaram ni la akasha, na mahali patakatifu pa kuonyeshea asili hiyo pazia likifunguliwa hakuna sanamu, kuna nafasi tupu iliyopambwa kwa majani ya dhahabu. Sijui hoja ya kifalsafa iliyowahi kuelezwa kwa uwazi kuliko hiyo.

Usidhani lakini kwamba Wahindi wote walikubaliana. Wacharvaka, waliokataa kila kisichoonekana, waliitupa akasha na kubaki na nne. Mafundisho ya mwanzo ya Kibuddha nayo yalihesabu nne kuu, tena kwa maana ya tabia: ardhi ni ugumu, maji ni kushikamana, moto ni joto, upepo ni mwendo. Anayesema "Wahindi wanaamini tano" anasema kweli nusu.

Wachina hawakuorodhesha vitu

China ndiko mambo yanakobadilika zaidi. Orodha yao ni mti, moto, udongo, chuma na maji. Hewa haimo kabisa. Mti umo, wakati kwa Mgiriki mti ni mchanganyiko tu kama ukuni wetu. Wengi husema Wachina walikosea au walikuwa na elementi zao. Hawakuwa wanahesabu vitu.

Zifikirie kama kaskazi na kusi. Kaskazi ni zamu: inaingia, inashika bahari, majahazi yanakwenda nayo, kisha inalegea na kuipisha kusi. Huwezi kuipima kwa kilo wala kuuliza ni sehemu ngapi za kaskazi zimo ndani ya jiwe. Wuxing, kama Wachina wanavyoziita, ni zamu tano za namna hiyo. Sura moja ya kale katika kitabu cha Shujing inazieleza kwa vitendo: maji hulowesha na kushuka, moto huunguza na kupanda, mti hupinda na kunyooka, chuma hukubali kugeuzwa umbo, udongo hupokea mbegu na kutoa mavuno.

Zamu hizo zina mizunguko miwili. Katika wa kwanza kila moja inaizaa inayofuata: mti hulisha moto, moto huacha majivu yaani udongo, udongo hutoa chuma, chuma kikipoa hukusanya umande, maji hulisha mti. Katika wa pili kila moja inaidhibiti nyingine: maji huzima moto, moto huyeyusha chuma, chuma hukata mti, mizizi ya mti hupasua udongo, udongo huyazuia maji. Majira ya mwaka, rangi, ladha, viungo vya mwili na sayari vyote viliwekwa humo. Moyo ni moto, figo ni maji, na kwa tabibu wa jadi ya Kichina moyo usiopozwa na figo ni ugonjwa. Kwa mara nyingine, moto bila maji ndio hatari.

Siasa nayo iliingia. Katika karne ya 3 KK, Zou Yan alifundisha kuwa kila utawala una zamu yake, na unaofuata hushinda kwa asili inayoudhibiti uliotangulia. Qin Shi Huang alipoiunganisha China mwaka 221 KK, utawala wa Zhou ulikuwa umehesabiwa kuwa moto, basi wake lazima uwe maji. Rangi ya maji ni nyeusi, namba yake ni 6. Nguo na bendera zikawa nyeusi, kofia rasmi zikapimwa inchi 6 za Kichina, magari futi 6, na gari la mfalme likavutwa na farasi 6.

Sasa turudi kwa yule Farasi wa Moto. Asili ya mwaka wa Kichina haihitaji mtabiri, inatoka kwenye tarakimu ya mwisho ya mwaka: 0 na 1 ni chuma, 2 na 3 maji, 4 na 5 mti, 6 na 7 moto, 8 na 9 udongo. Wanyama wako 12, na mzunguko mzima unachukua miaka 60, kwa hiyo Farasi wa Moto kabla ya 2026 alikuwa 1966. Mtu aliyezaliwa Agosti 10, 1990 ni Simba, nyota ya moto, na papo hapo ni Farasi wa Chuma. Kwa kuwa moto huyeyusha chuma, akizichanganya hesabu hizo mbili atagundua kwamba anajiyeyusha mwenyewe.

Ya 1966 si ya kucheka. Japani ilikuwa na imani kwamba mwanamke wa Farasi wa Moto humla mumewe, imani iliyopata nguvu kutokana na kisa cha Oshichi, binti wa muuza mboga aliyechomwa moto mjini Edo mwaka 1683 kwa kosa la kuchoma nyumba, na aliyesemekana kuzaliwa mwaka 1666. Mwaka 1965 walizaliwa watoto zaidi ya milioni 1.8 nchini humo. Mwaka 1966 walizaliwa kama milioni 1.36, pungufu la robo nzima. Mwaka 1967 idadi ikaruka hadi zaidi ya milioni 1.9. Nchi hiyo wakati huo ilikuwa tayari na treni ziendazo kasi na ilikuwa imeandaa Michezo ya Olimpiki.

Jinsi nne zilivyovunjika

Mjadala wa Ulaya uliendelea na ukuni. Jan Baptist van Helmont, wa Brussels, alipanda mche wa mti wenye uzito wa ratili 5 katika ratili 200 za udongo mkavu, akaunyeshea maji tu kwa miaka 5. Mti ukafika ratili 169 na zaidi, udongo ukapungua wakia 2 hivi. Akahitimisha kwamba mti wote umetokana na maji. Jaribio lilikuwa zuri na jibu halikuwa sahihi, kwa sababu hakujua mmea unakula hewa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1648, baada ya kifo chake. Robert Boyle, mwaka 1661, akaugeukia ukuni wenyewe na kuuliza swali ambalo lilipaswa kuulizwa mapema: nani kasema moto unatenganisha vilivyokuwamo? Huenda unatengeneza vipya. Na dhahabu, mbona ukiichoma kiasi gani haitoi maji wala majivu?

Alikuwa na haki. Maji yanayotoka kwenye ncha ya ukuni yalikuwamo kweli. Sehemu kubwa ya moshi na gesi imezaliwa motoni, ukuni ulipoungana na oksijeni. Majivu ni madini ambayo mti uliyanyonya ardhini, kama kalsiamu na potasiamu.

Maji yakafuata. Katika miaka ya 1780 Henry Cavendish nchini Uingereza na Antoine Lavoisier nchini Ufaransa walichoma hidrojeni katika oksijeni wakapata maji, kwa hiyo maji si msingi, ni muungano. Hewa ikaonekana ni mchanganyiko, kama asilimia 78 naitrojeni na 21 oksijeni. Udongo ni mkusanyiko wa vingi. Moto haukuwa kitu hata kidogo. Ni tendo la kuungua. Lakini moto haukung'oka siku moja. Lavoisier alipochapisha orodha yake ya vitu 33 vya msingi mwaka 1789, mwanga na joto vilikuwa juu kabisa ya orodha. Etha iliishi zaidi, ikipewa kazi mpya ya kubeba mwanga, hadi jaribio la Michelson na Morley la mwaka 1887 lilipoitafuta bila kuiona.

Linabaki dai moja linalopendwa sana: kwamba watu wa kale walishajua hali za maada, udongo ukiwa yabisi, maji kimiminika, hewa gesi na moto plazma, yaani gesi ambayo atomu zake zimepoteza elektroni. Tatu za kwanza zina ukweli fulani, hasa kwa Wabuddha waliozungumzia ugumu na kushikamana. Hata Plato aliihesabu dhahabu kuwa aina ya maji, kwa hoja kwamba inayeyuka. Lakini Plato huyohuyo aliamini moto umeundwa na piramidi ndogo zisizoonekana zenye nyuso 4, na unachoma kwa sababu ya ncha zake kali, wakati maji yana nyuso 20 na ndiyo maana yanabingirika. Hilo ni wazo lake la jiometri, na halina uhusiano na plazma. Moto wa kuni wenyewe si plazma kwa kiwango cha maana. Ile njano unayoiona ni mwanga wa chembe za masizi zilizopata joto kali, zilezile zinazoganda chini ya sufuria.